Kulifunga shirika mkiwa bado na fedha ya kulifungia

Nimewahi kuwa mweka hazina wa shirika dogo la hiari lililofundisha watu wazima kusoma na kuandika, na nilikuwapo jioni tulipopiga kura ya kulivunja. Tulichelewa kwa miezi minane hivi. Katika miezi hiyo hakuna aliyeiba wala aliyedanganya. Tulikuwa tukisubiri jibu la mfadhili mmoja, kisha la mwingine, na kila mkutano ulipoisha tulikubaliana kuvuta subira mwezi mmoja zaidi. Jibu la mwisho lilipokuja, akiba iliyobaki haikutosha kumlipa haki zake zote mwalimu wetu wa pekee aliyeajiriwa. Akatusamehe sehemu ya deni. Mpaka leo naamini hakupaswa hata kuwekwa mahali pa kuombwa asamehe.

Ndiyo maana mwongozo huu unaanza mapema kuliko wengi wanavyodhani. Kufunga shirika ni kazi kama kazi nyingine za shirika: inataka muda, watu wa kuifanya, na fedha. Anayengoja mpaka akaunti ikauke hafungi, anaanguka, na wanaoangukiwa ni walengwa, wafanyakazi na wadai. Nawaandikia wanakamati, wadhamini na wakurugenzi, hasa wa mashirika madogo yasiyo na mwanasheria wake. Sheria hutofautiana nchi na nchi, kwa hiyo palipo na suala la kisheria nimetaja kanuni inayopatikana mahali pengi, nanyi mtaipima kwa sheria ya pale mlipojisajili.

Hatua ya 1: Hakikisheni kwamba ni kufunga kweli

Wekeni mezani njia zote kabla ya kuchagua hii. Mnaweza kuungana na shirika jingine. Mnaweza kumkabidhi mwingine mradi mmoja ulio hai na kuacha mengine. Mnaweza kusimamisha kazi kwa muda huku usajili ukiendelea, mradi mtu abaki akiwasilisha taarifa za kila mwaka. Na mnaweza kubadili lengo. Shirika la hisani la March of Dimes la Marekani lilianzishwa 1938 kupambana na polio. Chanjo ilipopatikana 1955 lengo lake la kwanza likawa limekaribia kutimia, na mwaka 1958 likageukia matatizo ambayo watoto huzaliwa nayo. Lilikuwa na watu, fedha na jina, likavipa kazi mpya.

Kubadili lengo kuna maana pale tu mnapokuwa na nguvu ya kulifanyia kazi hilo jipya. Kamati iliyochoka ikibuni lengo jipya, uchovu wake unahamia kwenye lengo hilo. Vivyo hivyo kuungana: shirika lililokwisha kufilisika likiomba kuungana linamtwika mwenzake madeni, na mwenzake akiwa makini atakataa. Mazungumzo ya kuungana huchukua miezi, kwa hiyo huanzwa mkiwa bado na kitu cha kuleta mezani.

Pia kuna kufunga kusikotokana na kushindwa. Julius Rosenwald, mfanyabiashara tajiri wa Marekani, aliuanzisha mfuko wake wa hisani 1917 akiamini kwamba fedha za hisani zitumike kwa kizazi kilichopo, zisikae milele. Mfuko huo ulisaidia kujenga shule karibu 5,000 za watoto weusi katika majimbo ya kusini mwa Marekani, na ukamaliza fedha zake na kufungwa 1948. Chuck Feeney, mfanyabiashara mwingine wa Marekani, naye alianzisha Atlantic Philanthropies 1982. Taasisi hiyo ilitoa takriban dola bilioni 8, ikamaliza kutoa ruzuku 2016 na kufungwa 2020. Nataja mifano hii kwa sababu katika vikao vingi neno kufunga hutamkwa kwa aibu, na aibu hiyo ndiyo inayochelewesha uamuzi.

Zipo dalili zinazosema kwamba muda umefika. Mishahara inalipwa kwa fedha ya mradi mwingine kwa ahadi ya kuirudisha. Makato ya kodi ya wafanyakazi hayajawasilishwa. Nafasi za kamati ziko wazi na hakuna anayezitaka. Mkutano mkuu haufikii akidi mara mbili mfululizo. Mkiona dalili mbili kati ya hizo kwa wakati mmoja, ajenda ya kikao kijacho iwe hii.

Hatua ya 2: Pigeni hesabu ya kufunga

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, nami ningefurahi kama msomaji angeondoka na hii peke yake. Mhasibu au mweka hazina aandike bajeti ya kufunga, tofauti na bajeti ya kazi. Ndani yake kuna mishahara ya kipindi cha notisi, malipo ya likizo ambazo hazijachukuliwa, mafao ya kuachishwa kazi, fidia ya kuvunja mkataba wa pango kabla ya wakati, matengenezo ya jengo kabla ya kulirudisha, ukaguzi wa mwisho wa hesabu, ada ya mwanasheria, bima mpaka siku ya mwisho, gharama za kusafirisha na kuhifadhi nyaraka, na malipo ya mtu mmoja atakayebaki kumalizia kazi wenzake wakishaondoka.

Kisha linganisheni jumla hiyo na fedha mlizo nazo kweli. Neno kweli lina uzito hapa. Tuseme benki mna 100. Kati ya hizo, 70 ni ruzuku iliyotolewa kwa kazi moja maalumu na bado haijatumika. Hizo 70 si zenu kulipia pango wala mishahara ya ofisi. Zina mwenyewe, na mwenyewe ni ile kazi. Fedha huru ni 30. Kama bajeti ya kufunga inasema 35, mmeshachelewa kidogo na inabidi kikao kiitwe wiki hii. Kama inasema 20, mna nafasi ya kupumua, lakini kila mwezi wa kungoja unaila nafasi hiyo.

Shirika ambalo bado lina afya nalo lipige hesabu hii mara moja kwa mwaka na kuandika kwenye muhtasari: akiba huru ikishuka chini ya kiwango hiki, tunaanza kufunga. Kamati ikiwa imetulia huweka mpaka wa busara. Ikiwa imebanwa huusogeza kila mwezi, kama tulivyofanya sisi.

Madeni yakizidi mali, simameni. Msichukue mkopo mpya, msiagize bidhaa mnazojua hamtaweza kuzilipa, na msianze kumlipa mdai mliyemzoea mkimwacha mwingine. Sheria za nchi nyingi huyatazama mambo hayo kwa ukali. Hapo mnahitaji mtaalamu wa ufilisi kabla ya hatua nyingine yoyote. Kama shirika lenu halina nafsi yake kisheria, yaani ni umoja wa watu wenye katiba tu, wanakamati wanaweza kudaiwa mali zao binafsi. Hata penye kinga ya kisheria, kazi ya kujieleza huja kwa watu. Kids Company, shirika la hisani la watoto la London, ilianzishwa 1996 na kufunga milango Agosti 2015, siku chache baada ya kupokea ruzuku ya serikali ya pauni milioni 3. Wadhamini wake walifikishwa mahakamani ili wazuiwe kuongoza kampuni. Mahakama Kuu ilikataa ombi hilo 2021. Walishinda, lakini walikuwa wameubeba mzigo huo kwa miaka.

Hatua ya 3: Someni katiba, mpige kura, muandike

Tafuteni nakala ya katiba iliyosajiliwa, si ile iliyoko kwenye kompyuta ya katibu, kwa maana mara nyingi hazifanani. Tafuteni kifungu cha kuvunja shirika. Kitasema notisi ya mkutano ni siku ngapi, akidi ni watu wangapi, kura zinazotakiwa ni kiasi gani (mara nyingi ni theluthi mbili au robo tatu ya waliohudhuria), na mali itakayobaki itakwenda kwa nani. Kisipokuwapo, ulizeni ofisi ya msajili kabla ya kufanya lolote. Huenda mkatakiwa kwanza kurekebisha katiba.

Kuhusu mali, kanuni iliyo karibu kila mahali ni kwamba mali ya hisani haigawanywi kwa wanachama wala waanzilishi. Marekani, shirika la hisani linalotaka msamaha wa kodi chini ya kifungu cha 501(c)(3) cha sheria ya kodi hutakiwa liwe limefungwa na sharti kwamba likivunjwa mali yake itakwenda kwenye kazi nyingine ya hisani au kwa serikali kwa manufaa ya umma. Sheria ya Uingereza na nchi zilizoirithi ina kanuni ya kale inayosema kwamba mali ya hisani isiyoweza tena kufanya kazi iliyokusudiwa ielekezwe kwenye kazi iliyo karibu zaidi na hiyo. Waambieni wanachama jambo hili kabla ya mkutano. Nimeshuhudia mzee wa heshima akisimama kuuliza viti vitagawanywaje. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa amevichangia kwa mkono wake, na hakuna aliyewahi kumweleza kwamba alichokitoa kilikoma kuwa chake siku ile ile alipokitoa.

Azimio liwe wazi kiasi kwamba ofisa wa benki asiyewajua alielewe kwa kulisoma mara moja. Kwa mfano:

«Sisi wanachama tuliohudhuria, tukiwa tumefikia akidi, tumeazimia kwamba shirika livunjwe, kwamba huduma zote zikome tarehe iliyotajwa hapa, kwamba baada ya madeni yote kulipwa, mali itakayobaki ikabidhiwe shirika lililotajwa hapa, lenye malengo yanayofanana na yetu, na kwamba watu watatu waliotajwa hapa wapewe mamlaka ya kutia saini nyaraka zote za ufungaji mpaka kazi iishe.»

Andikeni kura za ndiyo, za hapana na wasiopiga. Waliopinga waandikwe bila kubezwa. Muhtasari utiwe saini, na nakala zake zisipungue tano, kwa sababu benki, msajili, mamlaka ya kodi, mwenye nyumba na wafadhili kila mmoja ataitaka yake.

Wekeni tarehe mbili. Ya kwanza ni siku huduma zinapokoma. Ya pili ni siku shirika linapokoma kisheria. Kati yake acheni miezi kadhaa, kwa maana ukaguzi, marejesho na barua za serikali haviendi kwa kasi yenu. Na wanakamati wasijiuzulu katika kipindi hicho. Mwenyekiti anayeondoka siku ya kura anamwachia mwenzake mizigo miwili.

Hatua ya 4: Toeni habari kwa mpangilio

Habari za kufunga huvuja. Mtu mmoja akimwambia rafiki, kesho asubuhi mama mwenye mtoto katika programu yenu ameisikia sokoni kabla hajaisikia kwenu. Kwa hiyo andaeni maneno kabla ya kura, na mkishapiga kura mseme yote ndani ya siku mbili. Waanze wafanyakazi, kwa mdomo na ana kwa ana, kisha kwa barua. Wafuate walengwa, halafu wafadhili, wenzi wa kazi na wadai. Umma uwe wa mwisho.

Jane Addams na Ellen Gates Starr walianzisha Hull House, nyumba ya kuwahudumia wahamiaji na maskini, mjini Chicago mwaka 1889. Katikati ya Januari 2012 chama kilichobeba jina hilo kilitangaza kwamba kingefunga miezi michache baadaye. Kikafunga mwezi huo huo wa Januari, tarehe 27. Kazi ya zaidi ya miaka 120 ilikoma kwa notisi ya siku chache kwa walioitegemea. Kila ninapoifikiria habari hiyo nakumbuka kwamba hata shirika lenye heshima kubwa likishaishiwa fedha halichagui tena tarehe yake. Tarehe huchaguliwa na akaunti ya benki.

Maneno yawe ya moja kwa moja. Tuliacha kusema «tunajipanga upya» baada ya mwanafunzi mmoja kuuliza kama ajiandikishe muhula ujao. Barua tuliyoituma mwishoni ilisema hivi: shirika letu litafungwa, darasa la mwisho ni tarehe hii, sababu ni kwamba fedha za kuendesha kazi zimekwisha na hatukupata nyingine, halikutokea kwa kosa lako, kabla ya siku hiyo tutakaa na kila mmoja wenu kuangalia ataendelea wapi. Sentensi ya nne iliongezwa na mwalimu. Aliyewahi kuacha shule utotoni, akiambiwa darasa limefungwa, hudhani ni yeye aliyeshindwa.

Siku hiyo hiyo simamisheni michango. Ondoeni maombi ya fedha kwenye tovuti, na waandikieni wanaochangia kila mwezi kwa malipo yanayokatwa yenyewe. Anayetoa leo anaamini anaendeleza kazi. Mkipokea fedha yake huku mkijua inakwenda kwenye madeni, mmeivunja imani hiyo, na mahali pengine mmevunja pia sheria.

Hatua ya 5: Walengwa, mmoja mmoja

Hapa ndipo muda mwingi uende. Orodhesheni kila mtu anayepata huduma kwenu sasa hivi. Kama ni wengi mno, wagawanyeni makundi, lakini wale walio katika hali tete waandikwe kwa majina: watoto, wagonjwa, wanaokimbia ukatili nyumbani, wazee wanaoishi peke yao. Mbele ya kila jina andikeni anapata nini kwenu, atakikosa lini, ni nani mwingine anayeweza kukitoa, na ni nani kati yenu atakayemfikisha huko.

Kuwafikisha watu si kuwapa karatasi yenye namba ya simu. Mwenzenu anayepokea aulizwe kwanza kama ana nafasi na uwezo, kwani kumpelekea watu 40 asiowatarajia ni kulihamisha tatizo. Panapowezekana mfanyakazi wenu aende naye mara ya kwanza, akae, amtambulishe. Kama mnaye mfadhili mwenye moyo, mwombeni awaruhusu kutumia sehemu ya ruzuku iliyobaki kumsaidia mpokeaji kwa miezi ya mwanzo. Wafadhili wengi hulisikiliza ombi la namna hiyo kwa urahisi kuliko mnavyotarajia, kwa sababu linalinda kazi waliyoilipia.

Faili la mtu halihamishwi bila ridhaa yake. Mwambieni lina nini ndani, nani atalisoma, na kwamba anaweza kukataa. Kwa mtoto, ridhaa ya mlezi inahitajika, na mtoto naye aulizwe kwa lugha yake.

Acheni kupokea watu wapya mapema, wiki kadhaa kabla ya siku ya huduma kukoma. Inauma kumrudisha mtu mlangoni, lakini kumpokea anayehitaji mwaka mzima huku mkiwa na miezi miwili kunamuumiza zaidi. Walio karibu kumaliza wamalizeni. Sisi tuliwaongezea saa wanafunzi sita waliobakiza mtihani, na waliojitolea wakaja hata siku za mapumziko. Wote sita wakafanya mtihani.

Na pawe na siku ya kuagana, hasa penye watoto. Mtoto aliyezoea kuwaona watu wazima wakitoweka bila neno asiwahesabu ninyi miongoni mwao.

Hatua ya 6: Wafanyakazi na wanaojitolea

Sheria ya kazi ndiyo kiwango cha chini: notisi, likizo, mafao, michango ya hifadhi ya jamii iliyowasilishwa yote. Mpeni kila mmoja hesabu yake kwa maandishi mapema, ili kama kuna kosa lijulikane fedha ikiwa bado ipo. Andikeni barua za utambulisho kabla ya ofisi kufungwa. Baada ya mwaka mmoja hakutakuwa na nambari ya kupiga kuulizia kama fulani alifanya kazi kwenu.

Mtahitaji mtu wa kubaki mpaka mwisho, kwa kawaida mhasibu au msimamizi wa ofisi. Yeye naye anatafuta kazi kwingine na ana haki ya kufanya hivyo. Kubalianeni naye malipo ya ziada yatakayotolewa akimaliza, na yawe kwenye bajeti ya kufunga tangu siku ya kwanza.

Wanaojitolea hawadai fedha, kwa hiyo husahaulika. Barua yenye jina, miaka na kazi aliyofanya mtu huchukua dakika kumi kuandika.

Hatua ya 7: Fedha na mali

Anzeni na fedha zenye masharti. Kila mfadhili apewe taarifa ya kiasi kilichotumika na kilichobaki, kisha aulizwe kwa maandishi: kirudi kwake, au kiende kwa shirika jingine kwa kazi ile ile? Jibu lake la mdomo kwenye simu halitoshi, hata kama mmejuana miaka kumi.

Kusanyeni mnachodai: amana ya pango, marejesho ya kodi, salio la bima, malipo ya awali kwa wauzaji. Watangazieni wadai tarehe ya mwisho ya kuleta madai. Lipeni kwa mpangilio ambao sheria inautaka, huku mishahara na kodi vikiwa mbele mahali pengi. Futeni malipo yote yanayokatwa yenyewe. Mkataba wa simu au wa mashine ya kunakilia unaweza kuendelea kukata kimya kimya kwa miezi.

Kwa vitu, shikeni daftari la mali mzunguke ofisini mkihesabu. Kila kitu kipate moja ya hatima tatu: kinauzwa, kinakabidhiwa, au kinatupwa. Mwanakamati asinunue kitu. Kama hakuna mnunuzi mwingine, basi iwe kwa bei iliyokadiriwa na mtu wa nje, yeye akiwa hayupo kwenye kikao cha uamuzi, na yote hayo yaandikwe. Magari na vifaa vilivyonunuliwa kwa ruzuku mara nyingi vinabaki na sharti la mfadhili, kwa hiyo mikataba isomwe kwanza. Kompyuta isitoke kabla taarifa zilizomo hazijafutwa kabisa kwa programu ya kufutia, au diski kutolewa na kuvunjwa. Kuburuta mafaili hadi kwenye pipa la takataka la kompyuta hakufuti kitu.

Mchagueni mpokeaji wa mali kwa macho mawili. Ana usajili hai? Hesabu zake zimekaguliwa? Kazi yake inafanana na yetu, au ni rafiki wa mwenyekiti tu? Makabidhiano yafanywe kwa hati yenye orodha, tarehe na saini za pande zote mbili.

Fikirieni pia wosia. Huenda kuna mtu aliyewaandika kwenye wosia wake na yu hai bado. England na Wales kuna daftari rasmi la mashirika yaliyoungana, na moja ya faida zake ni kwamba zawadi ya wosia kwa shirika lililofungwa baada ya kuungana inaweza kumfikia aliyerithi kazi. Kwingine ulizeni mwanasheria, na mnaowajua waambieni wenyewe, kwa upole, wabadilishe wosia.

Hatua ya 8: Kumbukumbu

Gawanyeni nyaraka mafungu matatu. La kwanza ni la kutunzwa kisheria: hesabu, mihutasari, mikataba, rekodi za ajira, na taarifa zozote za ulinzi wa watoto. Miaka ya kuzitunza hutajwa na sheria ya nchi, na rekodi za ulinzi wa watoto mara nyingi hukaa muda mrefu kuliko zote. La pili ni la kuharibiwa: taarifa binafsi ambazo hakuna tena sababu ya kuwa nazo. Zichanwe kwa mashine au zichomwe mbele ya mashahidi wawili, na tendo hilo liandikwe.

La tatu ni historia, na naomba lisidharauliwe. Picha, taarifa za mwaka, mitaala, barua za wanafunzi. Atlantic Philanthropies iliweka kumbukumbu zake katika Chuo Kikuu cha Cornell ambako watafiti wanazisoma. Shirika dogo halihitaji chuo kikuu. Maktaba ya umma, shule, au ofisi ya nyaraka ya eneo lenu inaweza kupokea sanduku mbili zilizopangwa vizuri. Humo wekeni taarifa fupi ya ukweli: tulijaribu nini, nini kilifanya kazi, tulikosea wapi. Atakayeanzisha kazi kama hiyo baada ya miaka kumi atairudia njia yenu, na kurasa kumi za ukweli zinaweza kumwokolea miaka miwili.

Kuhusu tovuti, msiiachie anwani yake siku mnayofunga. Anwani isiyolipiwa huweza kununuliwa na mtu yeyote, naye akaweka ukurasa wa kuomba michango kwa jina lenu, au akapokea barua pepe ambazo watu bado wanawatumia ninyi. Ilipieni miaka kadhaa mbele, muache ukurasa mmoja unaosema shirika limefungwa, lini, na huduma kama yake zinapatikana wapi. Kurasa za mitandao ya kijamii nazo zifungwe na mwenye nywila, kabla hajapotea na nywila zake.

Hatua ya 9: Msajili, kodi, benki

Msajili apelekewe azimio, hesabu za mwisho zilizokaguliwa na ushahidi wa makabidhiano, kisha asubiriwe awape uthibitisho wa maandishi kwamba mmefutwa kwenye daftari. Mamlaka ya kodi ipate marejesho ya mwisho yaliyotiwa alama kuwa ni ya mwisho, na usajili wenu kama mwajiri ufungwe. Vibali vingine virudishwe. Kwa upande wa bima, ulizeni kama madai yanayoweza kujitokeza baada ya kufunga, kwa jambo lililotokea kabla, yatalipwa. Ulinzi huo mara nyingi hununuliwa kando.

Benki iwe ya mwisho kabisa. Tulipofunga ya kwetu mapema, hundi ya marejesho ya kodi ilifika wiki tatu baadaye kwa jina la shirika lisilo na akaunti, na ilichukua miezi minne kuifikisha kwa waliostahili. Acheni kiasi kidogo cha kulipia ada, ngojeni barua ya msajili na ya kodi, hamisheni salio kwa mpokeaji aliyetajwa kwenye azimio, ndipo mfunge.

Kisha mchagueni mtu mmoja atakayetunza sanduku la nyaraka, na wa pili atakayejua liko wapi. Majina yao na anwani moja ya mawasiliano viandikwe kwenye ule ukurasa wa tovuti. Kwa upande wetu sanduku liko kwangu. Mwaka wa tatu baada ya kufunga, mwanafunzi wa zamani aliniandikia akitaka uthibitisho kwamba alihitimu kwetu, kwa ajili ya maombi ya kazi. Cheti chake kilikuwa kimeharibika kwa maji. Nilifungua sanduku, nikalipata daftari la mahudhurio na muhtasari wa matokeo, nikampelekea nakala jioni ile ile.